Jengo la Umma Linaloingilika: Mwongozo kwa Kamati za Ujenzi na Mafundi wa Unguja na Pemba

Njia mbovu ya mteremko haiharibiki siku zege linapomwagwa. Huharibika siku ile mchoraji anapoandika kimo cha sakafu ya chini kwenye ramani bila ya kujiuliza mtu asiyetembea kwa miguu atafika hapo kwa njia gani. Sakafu ikishapandishwa sentimita 90 juu ya ardhi, na uzio ukishajengwa mita nne tu kutoka mlangoni, hakuna fundi, awe hodari kiasi gani, atakayeweza kuingiza mteremko wa kupandika katika nafasi iliyobaki. Atakachojenga ni kilima cha saruji kinachopigwa picha siku ya ufunguzi, na baada ya hapo kikatumika kupitishia toroli. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umeandikwa kwa wale wanaokaa mezani kabla ya msingi kuchimbwa: kamati za ujenzi za skuli na vituo vya afya, wahandisi wa wilaya, wachoraji wa ramani, wakandarasi na masheha ambao jengo linajengwa katika shehia zao.

Wajibu wenyewe si jambo la hiari. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, mahali pake ikaja sheria mpya mwaka 2022, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 9 kinazitaka nchi wanachama zihakikishe kuwa majengo, barabara, usafiri na habari vinafikika kwa watu wote. Fundi, hata hivyo, hajengi kwa vifungu, anahitaji sentimita. Vipimo vilivyomo humu vinakaribiana na vile vinavyotumika kimataifa, vikiwemo vya kiwango cha ISO 21542 kinachohusu majengo yanayofikika, na pale ambapo mvua zetu, desturi zetu na namna yetu ya kujenga zinataka jambo la ziada, nimelieleza.

Wenyewe waitwe kabla ya ramani kupitishwa

Hapa kwetu hakuna upungufu wa watu wa kuwauliza. Lipo shirikisho la jumuiya za watu wenye ulemavu, SHIJUWAZA. Upo Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ. Ipo ZANAB kwa wasioona, CHAVIZA kwa viziwi na JUWAUZA kwa wanawake wenye ulemavu. Kinachokosekana mara nyingi ni mwaliko wa mapema. Mtu huitwa jengo likiwa limeshapakwa rangi, akaonyeshwa, akaulizwa kama amefurahi, akatia saini ya mahudhurio.

Kamati isiite mtu mmoja ikadhani imewaita wote. Anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kumsemea asiyeona, kwa sababu ukingo mdogo wa njia unaomkwaza mmoja ndio huo huo unaomwongoza mwenzake kwa fimbo nyeupe. Kwa uchache waitwe mtu anayetumia kiti cha magurudumu, anayetembelea magongo, asiyeona, kiziwi pamoja na mkalimani wake, na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili. Walipwe nauli na posho kama anavyolipwa mjumbe mwingine yeyote, maana wamekuja kufanya kazi.

Ramani ni karatasi, na si kila mtu anaweza kuitazama akaona chumba. Njia nyepesi ni kuchukua chokaa na kuuchora mpango kwenye uwanja kwa ukubwa wake halisi: choo, mlango wake, ujia wa mbele yake na kaunta ya kupokelea wageni. Mahali pa choo panawekwa kiti cha kawaida, na mahali pa sinki inawekwa meza. Kisha mwenye kiti cha magurudumu anaombwa aingie, ageuke, ahamie kwenye kile kiti, arudi, atoke. Gurudumu likikanyaga mstari wa chokaa, maana yake ukuta ungegongwa, na kuusogeza mstari wa chokaa ni kazi ya dakika moja. Mafundi wanaolitazama zoezi hili huelewa mara moja kwa nini wanaambiwa mita moja na nusu na si mita moja na robo, jambo ambalo maandishi ya pembeni ya ramani hayajawahi kuwaeleza vizuri.

Katika zoezi hilo itaonekana pia kwamba wengi katika visiwa vyetu hawaji na kiti cha magurudumu cha hospitali, bali na baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo ni ndefu na haigeuki katika duara la sentimita 150. Jengo haliwezi kupanuliwa kila pembe kwa ajili yake. Linaloweza kufanyika ni kuweka mahali pa kivuli karibu na mlango ambapo baiskeli itaachwa salama, na jengo lenyewe liwe na kiti cha magurudumu cha ndani ambacho mgeni atahamia.

Kimo cha sakafu

Sakafu za majengo ya umma hupandishwa juu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mvua za masika, na hiyo ni sababu ya haki. Ya pili ni heshima: jengo la serikali hupenda kupandiwa. Sababu hii ya pili haina nafasi katika mwongozo huu, na ile ya kwanza ina dawa iliyo bora kuliko ngazi. Ardhi ikiinamishwa kutoka ukutani kwenda nje, maji ya paa yakikusanywa kwa mifereji ya bati na kupelekwa mtaroni, na mtaro ukawa unasafishwa, basi katika kiwanja kisichotuama maji sakafu iliyo sentimita 15 juu ya ardhi hutosha. Viwanja vya mabondeni vinavyofurika ni jambo jingine, lakini hapo swali la kwanza liwe kwa nini kituo cha afya kinajengwa bondeni.

Hesabu ya mteremko ni hii: kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia iwe na urefu usiopungua sentimita 12. Sakafu ya sentimita 30 inataka mteremko wa mita 3.6, ya sentimita 60 inataka mita 7.2, na ya sentimita 90 inataka mita 10.8. Hiyo ni sehemu inayoinama peke yake. Juu na chini lazima pawe na sehemu bapa ya sentimita 150 kwa 150, na katikati pawe na bapa nyingine ya kupumzikia kila inapopandwa takriban nusu mita, kwani mikono huchoka. Kwa sakafu ya sentimita 90, kwa hiyo, njia nzima kutoka mwanzo hadi mlangoni inafika mita 15.3. Kiwanja chenye nafasi hiyo mbele ya mlango ni nadra, na ndiyo maana mteremko hukatwa mita mbili na nusu, ukawa kitu ambacho mtu mwenye nguvu zake hawezi kukipanda bila ya kusukumwa, na akiteremka hana hakika atasimama wapi.

Sasa hesabu hiyo hiyo ifanywe kwa sakafu ya sentimita 15. Hata ukichagua mteremko mpole zaidi, wa 20 kwa moja, unahitaji mita tatu tu. Mteremko wa namna hiyo hauhitaji reli na hautengwi pembeni kwa ajili ya watu maalumu: ndiyo njia ya kuingilia yenyewe, anaipita mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo, na mfanyakazi anayevuta kitanda cha mgonjwa. Kila sentimita inayopunguzwa kwenye kimo cha sakafu inaokoa sentimita 12 za zege, reli na ukingo.

Pemba, ambayo ni kisiwa cha vilima na mabonde, mara nyingi kiwanja chenyewe kinaweza kufanya kazi hii. Jengo linalokaa ubavuni mwa kilima lina upande wa juu ambako ardhi iko karibu kulingana na sakafu. Huko ndiko mlango mkuu unakotakiwa, hata kama barabara iko upande wa chini, mradi njia ya kufika huko nayo iwe ya taratibu na mtaro wa kukinga maji ya mlimani ufunikwe pale inapouvuka. Mchoraji anayekaa Unguja na kutuma ramani moja kwa Wete na kwa Fumba hatoliona hili. Lazima afike kiwanjani na kipimo cha miinuko.

Kuukagua mteremko si lazima kuwe na mhandisi. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa sentimita 120 pamoja na pimamaji. Ncha moja ya ubao ilale juu ya mteremko, upande wa juu. Ncha ya pili iinuliwe mpaka tone la hewa likae katikati ya pimamaji. Kisha ipimwe nafasi kutoka chini ya ncha hiyo hadi sakafuni. Isizidi sentimita 10. Ukikuta 30, mteremko huo ni wa nne kwa moja, na hiyo ni hatari kwa kila mtu. Kipimo hiki kifanywe wakati kifusi kimeshashindiliwa na zege bado halijaja. Fundi atasema zege litasawazisha mambo. Halisawazishi, linayafanya ya kudumu.

Upana wa njia uwe sentimita 120, na katika hospitali au skuli ambako watu hupishana kwa wingi uwe 180. Pembeni uwekwe ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu au ncha ya gongo isichomoke. Juu isipigwe niru wala isiwekwe vigae vinavyong'aa; zege likiwa bado bichi lipitishwe ufagio mgumu kwa kukata njia, yaani kutoka ukingo hadi ukingo, ili mistari izuie kuteleza na maji yaondoke. Paa lisimwagie maji juu ya mteremko. Jambo hili dogo husahauliwa mno: bati linaishia sawasawa na ukuta, mvua ya masika inachuruzika mahali pamoja, na baada ya muda unaota utando wa kijani unaoteleza kuliko sabuni.

Reli za kushikia ziwe pande zote mbili, moja kwenye kimo cha sentimita 90 na nyingine 70 kwa ajili ya watoto na wanaokaa kwenye kiti. Ziwe za mviringo zenye unene wa sentimita nne hivi, ziachane na ukuta kwa nafasi ya vidole, na zizidi mwisho wa mteremko kwa sentimita 30, kisha zipindwe chini ili zisinase mkoba wala kanzu. Bomba la chuma cheusi haliwezi kustahimili hewa ya chumvi ya visiwa hivi. Linapata kutu na magamba yake huchoma viganja. Ni afadhali chuma kilichopakwa zinki au mbao ngumu, na ikiwezekana chini ya kivuli, maana reli ya chuma iliyopigwa na jua la kaskazi tangu asubuhi haishikiki.

Kutoka barabarani hadi mlangoni

Mara nyingi njia hukatika kabla ya kuufikia mteremko. Geti kubwa la chuma linafungwa kwa ajili ya magari, na watu hupita kwenye kilango kilichokatwa ndani yake, chenye kizingiti cha chuma cha sentimita 20 na upana wa kumtosha mtu mmoja aliyekaa upande. Jengo lenye mteremko mzuri na geti la namna hiyo bado halijaingilika. Kilango kijengwe pembeni mwa geti, kiwe na upana wa sentimita 100, na chini yake pasiwe na kitu.

Njia yenyewe iwe na upana wa sentimita 150, imara na isiyo na mchanga wala kokoto zilizomwagwa. Vitofali vya pevingi vinafaa ikiwa vimepangwa juu ya tabaka lililoshindiliwa vizuri. Vikizama huku na kule ni bora saruji. Mitaro inayokatisha ifunikwe, na kama kifuniko ni cha vyuma, matundu yasizidi sentimita 1.3 na mistari yake ikae kinyume na mwendo wa mtu, la sivyo gurudumu dogo la mbele litazama humo.

Kwa asiyeona, hatari kubwa haiko chini bali juu. Fimbo nyeupe hupapasa sakafu. Haikioni kilicho usawa wa kifua na uso. Na katika varanda za majengo yetu vitu hivyo vimejaa: madirisha yanayofunguka kwa nje, mashine za nje za viyoyozi zilizotundikwa ukutani kwa vyuma vyenye ncha, sanduku la maoni, upande wa chini wa ngazi ya ghorofa ambapo mtu anaweza kugonga kichwa. Kitu chochote kilicho kati ya sentimita 70 na 200 kutoka chini kisitokeze zaidi ya sentimita 10 kwenye njia. Madirisha ya varanda yawe ya kusukuma pembeni, mashine zitundikwe juu zaidi au zihamishiwe nyuma ya jengo, na chini ya ngazi pajengwe kitanda cha maua au ukuta mfupi ambao fimbo itaugusa mapema. Matawi ya miti yakatwe hadi mita 2.1.

Vitofali vyenye alama za kugusa kwa mguu, ambavyo Mjapani Seiichi Miyake alivibuni mwaka 1965 na kutandikwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967, vina lugha mbili tu: mistari inasema endelea, na vinundu vinasema simama uangalie. Si lazima kutandika uwanja mzima. Vinundu mwanzo wa ngazi na mwisho wa mteremko, na mistari kutoka getini hadi mapokezi, vinatosha kwa kituo cha afya cha kawaida. Linaloudhi ni kuona vimepangwa kama urembo, mistari ikimpeleka mtu kwenye nguzo.

Milango

Kipimwe kilicho wazi, si upana wa ubao. Mlango wa sentimita 90 ukishaondoa fremu, unene wa ubao na kitasa, mara nyingi hubaki 80 au pungufu. Agiza mlango wa sentimita 100. Kitasa kiwe cha mkono wa kubonyeza, kwani kile cha mviringo kinamshinda mwenye vidole visivyo na nguvu, na kikae sentimita 90 hadi 100 kutoka chini. Upande wa kuvutia mlango, pembeni mwa kitasa, iachwe nafasi ya sentimita 60 ili aliye kwenye kiti aweze kuukwepa ubao unapofunguka. Kizingiti kisizidi sentimita moja na nusu, na kichongwe pembe zake.

Penye desturi ya kuvua viatu, kama misikitini na madrasa, rundo la viatu mlangoni ni kizuizi kamili. Liwekwe rafu pembeni na benchi la kukalia, kwa kuwa mwenye vyuma vya miguu hawezi kuvivua amesimama.

Choo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu vifaa hununuliwa vizuri na kuwekwa vibaya. Ukubwa wa ndani usipungue sentimita 170 kwa 220, na mlango ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani, mtu akianguka nyuma yake hakuna wa kumfikia. Lazima choo kiwe cha kukaa. Wapo wanaosema wananchi wetu wamezoea cha kuchutama, na ni kweli, lakini asiyeweza kukunja magoti hana mazoea ya kuchutama. Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48, katikati yake iwe sentimita 45 kutoka ukuta wa ubavuni, na upande wa pili iachwe sentimita 90 zilizo tupu ambazo mtu atasogeza kiti chake cha magurudumu na kuhamia. Nafasi hiyo ya kuhamia ndiyo hupewa pipa la takataka, ndoo na fagio.

Chuma cha kushikia kiwe kwenye ukuta wa ubavuni, sentimita 70 kutoka chini, na upande wa wazi kiwekwe kinachokunjika kwenda juu. Vyuma hivi hubeba uzito wote wa mtu mzima kwa ghafla. Chuma kikifungwa kwa skrubu fupi kwenye tofali lenye tundu, kitang'oka pamoja na kipande cha ukuta na mtu aliyekishika. Fundi ajulishwe mapema ili mahali hapo tofali zijazwe zege wakati ukuta unapanda.

Vitabu vingi vya nchi baridi huishia kwenye karatasi. Sisi tunatumia maji, na hilo linabadili mpango. Mpira wa maji au mfereji wenye mkono mrefu lazima ufikiwe na mtu akiwa amekaa, bila ya kuinama wala kugeuka. Kwa kuwa maji ya bomba hukatika, ndoo itakuwepo tu hata ikikatazwa, kwa hiyo ni bora ijengewe kijukwaa cha sentimita 40 pembeni mwa kiti kuliko kuachwa sakafuni ambako haifikiki. Sakafu iwe na vigae visivyong'aa na iinamie kidogo kuelekea tundu la maji, nalo tundu likae nyuma ya choo, si katikati ya duara la kugeukia, ili maji yasituame pale magongo yanapokanyaga. Sinki iwe na kimo cha sentimita 80 na chini yake pawe wazi kwa ajili ya magoti. Kamba ya kuitia msaada ifike karibu na sakafu, kwani anayeihitaji zaidi ni aliyekwisha kuanguka.

Choo hiki kisiwekwe ndani ya vyoo vya wanawake wala vya wanaume, bali kiwe na mlango wake kwenye ujia. Mume anayemsaidia mkewe, au mama anayemsaidia kijana wake aliyekwisha balehe, hana pa kuingia katika mpango wa kawaida bila ya kuvunja stara za watu wengine. Na pale jengo linapokuwa na mahali pa kusalia, mahali pa kutilia udhu pawe na angalau kiti kimoja cha kujengwa chenye kimo cha sentimita 45, mfereji mbele yake unaofikiwa kwa mkono, na nafasi ya kusogeza kiti cha magurudumu badala ya kile cha kujengwa.

Ghorofa

Skuli nyingi zinazojengwa sasa Unguja na Pemba ni za ghorofa, na swali la lifti haliepukiki. Lifti iwepo inapowezekana, yenye chumba kisichopungua sentimita 110 kwa 140 na mlango wa 90, lakini isiwe ndiyo tegemeo pekee. Anayekumbuka kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo Unguja ilikaa miezi mitatu bila ya umeme baada ya kuharibika kwa mfumo unaoupokea umeme wa bara, hahitaji kushawishiwa. Mteremko wa kupandia ghorofa moja yenye kimo cha mita 3.3 unataka mita 39.6 pamoja na bapa sita za kupumzikia, jumla takriban mita 49. Unawezekana ukizungushwa uwanja wa ndani, lakini ni uamuzi wa mwanzo kabisa wa ramani.

Njia ya uhakika zaidi ni kupanga huduma. Maktaba, maabara, chumba cha kompyuta, afisi ya mwalimu mkuu na vyoo vikae chini. Madarasa mengi ya kawaida yakae juu. Mwanafunzi mwenye ulemavu akipanda darasa, darasa lake zima linahamia chumba cha chini. Kinachofanywa mara nyingi ni kinyume chake: maabara, kwa kuwa ni moja na ina vifaa ghali, hupelekwa juu kwa usalama. Katika majengo ya afisi za wilaya, kaunta za vitambulisho, malipo na malalamiko zibaki chini, na mikutano ipande juu.

Vidato vya ngazi viwe na kimo cha sentimita 15 hadi 17 na upana wa 30, vyote sawasawa, na ukingo wa kila kidato upakwe mstari wa rangi iliyo mbali na ya sakafu.

Kuona, kusikia na kuelewa

Rangi hizo hazihusu ngazi peke yake. Ukuta mweupe, vigae vyeupe, choo cheupe na jua la saa saba linaloingia dirishani humfanya mwenye uoni hafifu, pamoja na mtu mwenye ualbino, asione lolote zaidi ya mng'aro. Fremu za milango zipakwe rangi nzito, na sehemu za kusubiria zote ziwe chini ya kivuli cha kweli. Mabango ya vyumba yakae pembeni mwa mlango kwenye kimo cha sentimita 140 hadi 160, herufi zitokeze ili ziguswe, na nukta nundu ziandikwe kwa Kiswahili.

Kiziwi anazuiwa na kioo cheusi cha kaunta chenye tundu dogo, pia na karani aliyekaa na dirisha nyuma yake hata uso wake ukawa kivuli. Mwanga umwangukie anayesema. Wanaosubiri wasiitwe kwa sauti tu. Kibao cha namba au hata karani kuinua kadi yenye namba kinatosha. Kengele ya moto iwe na taa inayomweka, hadi vyooni. Sehemu moja ya kila kaunta ishushwe hadi sentimita 75 au 80, na chini yake pawe wazi. Si nyuma ya jengo, na isigeuzwe mahali pa kuwekea mashine ya fotokopi.

Majengo ya Mji Mkongwe

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na majengo yake mengi bado ni afisi, makumbusho na skuli. Mlango wa kuchonga una mbao mbili nyembamba zilizotenganishwa na mfaa, yaani ubao wa kusimama wa katikati, na chini una kizingiti kirefu kinachorukwa. Hakuna mwenye akili timamu atakayeshauri kizingiti hicho kikatwe. Kinachokubalika ni kazi inayoweza kuondolewa bila ya kuacha jeraha: daraja la mbao lenye mteremko pande zote mbili za kizingiti, likiwekwa asubuhi na kuondolewa jioni, kwa maelewano na Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ubao wa pili wa mlango ufunguliwe saa zote za kazi. Pale ambapo barabara ni nyembamba mno kwa mteremko, mara nyingi upo mlango wa ubavuni au wa nyuma uliozibwa zamani, na huo utazamwe kabla ya kukata tamaa. Vyumba vya juu ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti. Suluhisho la haraka ni huduma kushuka chini, na mwenye afisi kumfuata mgeni.

Mkataba na makabidhiano

Katika orodha ya kazi na bei, mteremko, reli, vyuma vya choo na alama za sakafuni viandikwe kila kimoja kwenye mstari wake, pamoja na vipimo. Vikifichwa ndani ya maneno "kazi za nje", fedha zikipungua ndivyo vitakavyoondolewa mwanzo. Sehemu ya malipo ya mkandarasi izuiwe hadi wale watu walioitwa siku ya chokaa warudi na kutumia jengo wenyewe, kutoka kituo cha daladala hadi chooni, bila ya kusaidiwa. Wapite na ubao wa sentimita 120, pimamaji na futi.

Baada ya hapo jengo linakuwa mikononi mwa wanaolitumia, na mengine huharibika taratibu. Choo cha watu wenye ulemavu hugeuka stoo, au hufungwa na ufunguo ukakaa kwa mtu ambaye yuko likizo. Kiachwe wazi, na stoo ijengwe mahali pengine ili pasiwe na sababu. Mteremko usuguliwe kwa brashi kabla ya masika na katikati yake. Na vespa zitaegeshwa mwanzo wa mteremko, hata ukiandika kibao kikubwa cha kukataza, kwa sababu kwa kawaida hapo ndipo penye kivuli. Pandeni mwarobaini au jengeni kibanda cha makuti hatua chache kutoka hapo, na zitahamia huko zenyewe.